Keneli yangu kwenye emyuleta inakesha salama, kwenye mashine halisi inakata roho sekunde ya 7. Nani mchawi?

#1 Nusu_Baiti
Wakuu, salaam.

Mwezi wa nne huu naandika mfumo endeshi wangu mdogo wa kujifunzia; keneli ndiyo kiini chake. C na asembli kidogo, biti 64, unawaka kwa BIOS ya zamani (programu ya ndani ya mashine inayoiwasha), sekta ya kuwashia nimeiandika kwa mkono wangu. Ndani ya QEMU (emyuleta, programu inayoigiza kompyuta) mambo shwari kabisa: unawaka, unaandika jina lake kwenye skrini, taima inahesabu, kibodi inaitika. Juzi niliuacha usiku kucha, asubuhi nikaukuta bado unahesabu.

Jana nikauweka kwenye fleshi, nikachomeka kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Ukawaka! Nilipiga ukelele hadi watu wakaja kuniuliza kuna nini. Jina likatokea, taima ikaanza: 1, 2, 3... ilipofika 7 skrini ikawa nyeusi, mashine ikajiwasha upya. Nimerudia mara kumi. Inakufa kwenye 6, au 7, au 8. Haijawahi kuiona 10.

Kinachonitoa jasho zaidi ni hiki: nikiongeza mstari mmoja wa kuchapisha neno lolote ndani ya kitanzi kikuu, haifi upesi. Nikiufuta, tunarudi sekunde 7.

Faili ni lilelile, baiti kwa baiti. Sasa kosa liko kwenye kodi yangu au kwenye mashine?

#2 Fundi_Kompaila
Kodi yako. Hayo maelezo mengine nimesoma kwa heshima tu, jibu nilikuwa nalo tangu kichwa cha uzi.

#3 MamaVekta
Nusu_Baiti, mashine kujiwasha upya ghafla siyo kifo cha kimya, hiyo ni taarifa. Prosesa ikikutana na kosa inatafuta hendla ya kosa hilo, yaani kodi ya kulishughulikia. Ikikwama njiani kuifikia, inatafuta hendla ya vekta (nafasi kwenye jedwali la hendla) namba 8, ile ya kosa juu ya kosa. Nayo ikikwama, hakuna ngazi ya nne. Prosesa inanyoosha mikono na mashine inaanza upya. Kwa hiyo kuna jambo limebisha hodi na halikukuta mtu nyumbani.

Wazee walikuwa wanafanya hivyo kwa kusudi, kwa taarifa yako. Prosesa ya 286 ikishaingia hali ya ulinzi haina njia ya kurudi hali ya kwanza isipokuwa kuwashwa upya, basi watu wakawa wanaitega ianguke mara tatu ili irudi.

Swali: kwenye jedwali lako la interapti (miito inayoikatiza prosesa) umejaza vekta ngapi?

#4 Nusu_Baiti
Mbili. Taima na kibodi.

#5 MamaVekta
Mbili kati ya 256. Haya.

#6 Kimya_Kingi
RAM mbovu. Badilisha.

#7 Fundi_Kompaila
Kimya_Kingi, kila uzi ni RAM mbovu. Mtu akiuliza kwa nini programu yake inapanga majina vibaya, RAM mbovu. Siku utakayopatia nitakuja kukupigia saluti hapa hapa.

#8 Mzee_Diski
Mambo ya emyuleta kukudanganya nayajua, yalinila wiki tatu.

QEMU inakukabidhi kumbukumbu safi, sifuri mwanzo mpaka mwisho. Mashine halisi inakukabidhi chumba ambacho mpangaji aliyetoka hakufagia: kuna mabaki ya BIOS, mabaki ya kadi ya skrini, hata mabaki ya uwashaji uliopita. Sasa C inakuahidi kwamba kigeu cha jumla ambacho hukukipa thamani kitaanza na sifuri. Wengi wanadhani ahadi hiyo inatimizwa na lugha yenyewe. Hapana. Kwenye mfumo wa kawaida anayeitimiza ni yule anayepakia programu, ndiye anayefuta eneo la bss, vinapokaa vigeu hivyo, kabla ya kukuachia uwanja. Na kwenye keneli anayepakia ni nani? Ni wewe. Kama sekta yako ya kuwashia inasoma faili na kuruka moja kwa moja kwenye kodi ya C, hakuna aliyefuta kitu.

Mimi nilikuwa na kigeu kinachosema "orodha ya michakato ina vitu vingapi". Kwenye emyuleta kilianza na 0. Kwenye mashine kilianza na milioni kadhaa, na mpanga zamu wangu akaanza kuzunguka kutafuta michakato isiyokuwepo. Nilibadilisha kodi ya kupanga zamu mara nne kabla sijachapisha kile kigeu.

Futa bss kwanza. Mistari mitatu ya asembli, na iwe kabla ya kuita fankisheni yoyote ya C.

#9 Kibodi_Mara_Moja
Nimeketi. Na mimi niseme jina langu lilikotoka, maana huwa naulizwa.

Keneli yangu ya kwanza ilikuwa inapokea herufi moja tu. Unabonyeza A, inaandika A, baada ya hapo bonyeza mpaka kucha zing'oke, kimya. Nikadhani kibodi imekufa. Kumbe chipu ya interapti, inayopeleka miito ya vifaa kwa prosesa, ukishapokea ujumbe wake lazima uiambie "nimemaliza", unaandika 0x20 kwenye poti (mlango wa kifaa) 0x20. Usipoiambia, inasubiri kwa adabu milele. Nilipoiambia, bado herufi moja. Kumbe na herufi yenyewe lazima uisome kutoka poti 0x60, hata kama huitaki, la sivyo kibodi haileti nyingine. Adabu juu ya adabu.

Halafu nilipowasha taima nikaona "kosa juu ya kosa" vekta 8, kila mara, papo hapo. Siku mbili natafuta kosa langu la kwanza ili nijue la pili limetoka wapi. Hakukuwa na kosa lolote! Ilikuwa ni taima yenyewe, inaingia kwa vekta 8 kwa sababu sikuwa nimeihamisha chipu ya interapti. Intel walipanga vibaya sana pale.

#10 MamaVekta
Hapo kwenye lawama nakusahihisha. Intel walisema vekta 32 za mwanzo ni zao, msiguse. Prosesa ya 8088 ilikuwa inatumia chache tu za mwanzo, kwa hiyo IBM mwaka 1981 wakaziona za 8 hadi 15 ziko wazi wakaweka taima, kibodi na wenzao humo. Prosesa zilizofuata zikaja kudai viwanja vyao na kukuta nyumba zimeshajengwa. Ndiyo maana hadi leo kila anayeandika keneli kwa njia hii, kazi yake ya kwanza ni kuhamisha chipu ya interapti kwenda vekta 32 na kuendelea.

Nusu_Baiti, umehamisha?

#11 Nusu_Baiti
Nimehamisha, 32 hadi 47. Ahsante.

Na nimefuta bss kama alivyosema Mzee_Diski. Kweli sikuwa nimefuta. Sasa inafika sekunde 40, halafu inakufa vilevile. Nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja.

#12 Mzee_Diski
Arobaini siyo saba. Kuna kitu tumegusa.

#13 Fundi_Kompaila
Au hamkugusa kitu, mmesogeza kodi baiti chache mbele na bagi imehama nyumba. Tuwe makini na furaha.

Sasa nilete ya kwangu. Ule mstari wa kuchapisha unaorefusha maisha ndio ushahidi mkubwa kwenye uzi huu wote na mmeupita. Kwa biti 64, kanuni ya kuitana kwa fankisheni inayotumiwa na GCC kwenye Linux inaruhusu fankisheni isiyoita nyingine kutumia baiti 128 zilizo chini ya ncha ya staki (rundo la data za muda za fankisheni) bila kuisogeza ncha yenyewe. Inaitwa ukanda mwekundu. Kwa programu za kawaida ni salama, keneli ya chini yake inauheshimu. Ila ukiwa wewe ndiye keneli, interapti inapoingia prosesa inasukuma rejista zake palepale kwenye ncha ya staki, juu ya vigeu vya fankisheni iliyokuwa inafanya kazi. Fankisheni ikirudi kazini inakuta hesabu zake zimeandikwa upya na mtu mwingine.

Sasa unganisha. Kitanzi chako bila uchapishaji hakiiti chochote, kwa hiyo kinatumia ukanda mwekundu. Ukiongeza mstari wa kuchapisha, kimekuwa fankisheni inayoita nyingine, ukanda hautumiki, bagi inalala. Dawa ni swichi moja tu: `-mno-red-zone`.

#14 Nusu_Baiti
Hiyo swichi ninayo tangu siku ya kwanza, mkuu.

#15 Fundi_Kompaila
Kwa mafaili YOTE?

#16 Nusu_Baiti
...

Kuna maktaba ndogo ya kunakili kumbukumbu niliikompaili mwaka jana kwa mradi mwingine. Ninaiunganisha tu na linka.

#17 Fundi_Kompaila
Nimemaliza.

#18 Jicho_la_Tatu
Hujamaliza. Kama ni ukanda mwekundu, kwa nini QEMU ilikesha? Kanuni ni ileile, taima ni ileile. Ilibidi ife na huko.

#19 Fundi_Kompaila
Inategemea interapti inaangukia wapi. Emyuleta inakagua interapti kwenye mipaka ya vipande vya kodi ilivyotafsiri, haiingii katikati ya kipande kama mashine halisi inavyoingia kati ya agizo na agizo. Kitanzi kifupi kinaweza kuponea hapo mwaka mzima.

#20 Jicho_la_Tatu
Hoja nzuri. Bado sijashawishika, ila nimeipenda.

#21 Mgeni_wa_Leo
Samahani kukatiza. Nami nimeanza kusoma haya mambo. Hiyo taima nimeona masafa yake ni 1,193,182 kwa sekunde. Kwa nini wasiweke milioni moja kamili watu wakapumzika?

#22 Kibodi_Mara_Moja
Hahaha, karibu. Kila mtu anauliza hilo wiki ya pili.

#23 Mzee_Diski
Lawama ni za televisheni. Televisheni za rangi za Marekani zilitumia mawimbi ya rangi ya megahezi 3.579545. Kompyuta ya kwanza ya IBM ilikuwa na kadi ya skrini inayoweza kutoa picha ya rangi kwa mfumo huo, na fuwele za mara nne ya masafa hayo, 14.31818, zilikuwa rahisi kupatikana. Basi wakaweka fuwele moja, wakaigawa kila mtu na fungu lake. Gawa kwa 4 unapata rangi. Gawa kwa 3 unapata 4.77, ndiyo kasi ya prosesa. Gawa kwa 12 unapata 1.193182, ndiyo taima. Kihesabu cha taima ni cha biti 16, kwa hiyo ukigawa tena kwa 65,536 unapata mapigo 18.2 kwa sekunde, na ndiyo mapigo ya saa ya DOS miaka yote. Mtu anaandika keneli leo hii, kwenye mashine isiyojua televisheni ni nini, na bado anagawa rangi ya televisheni kwa 12.

#24 Mgeni_wa_Leo
Nilidhani utanijibu "soma mwongozo". Ahsante sana. Na ile 0x7C00 ambapo sekta ya kuwashia inapakiwa? Ni namba ya bahati tu?

#25 Kibodi_Mara_Moja
Bahati tu, nijuavyo. Walichagua wakasahau.

#26 Mzee_Diski
Hapana. Mashine ndogo kabisa waliyoilenga kwa kuwasha kutoka diski ilikuwa na kilobaiti 32. Sehemu ya chini kabisa ina jedwali la interapti, na walitaka mfumo upakiwe huko chini kwa nafasi pana iwezekanavyo. Kwa hiyo sekta ya kuwashia wakaisukuma juu kabisa ya zile 32: baiti 512 zake, na nyingine 512 za staki na makorokoro yake. 32,768 toa 1,024 ni 31,744. Iandike kwa msingi wa 16 uone.

#27 Mgeni_wa_Leo
0x7C00. Nimeona. Nywele zimesimama.

#28 Jicho_la_Tatu
Turudi kwa mgonjwa. Nusu_Baiti, staki yako umeiweka wapi?

#29 Nusu_Baiti
Nimekompaili upya maktaba yote bila ukanda mwekundu. Safari ya kwanza dakika 3, ya pili sekunde 50, ya tatu dakika 2. Inakufa ila inachelewa.

Staki inaanzia 0xA0000 kushuka. Niliona ndiyo mwisho wa kilobaiti 640, nikasema hakuna atakayenisumbua.

#30 Mzee_Diski
Eh! Pale chini ya 640 ndipo BIOS inapoweka data zake za ziada. Mara nyingi inaanzia 0x9FC00, ila kwenye mashine nyingine inaanzia chini zaidi, na anwani yake ameiandika mwenyewe pale 0x40E ili usome. Staki yako imelala kwenye kitanda cha mwenye nyumba.

#31 Fundi_Kompaila
Lakini yuko biti 64, Mzee. Haiiti BIOS tena. Mwenye nyumba ameshahama.

#32 Mzee_Diski
Anadhani amehama. Kuna hali ya prosesa inaitwa SMM. Fimwea, yaani programu ya ndani ya mashine kama BIOS, inaweza kuisimamisha keneli yako wakati wowote, ikafanya mambo yake, ikakurudisha, na wewe usione chochote isipokuwa saa imeruka kidogo. Na kazi mojawapo ya huko ni kufanya kibodi ya USB ionekane kama kibodi ya zamani. Nusu_Baiti, kibodi yako ni ya USB?

#33 Nusu_Baiti
Ndiyo.

#34 Mzee_Diski
Na hujaandika dereva ya USB. Sasa hizo herufi unazosoma poti 0x60 unadhani nani anakuletea?

#35 Kibodi_Mara_Moja
Nimeogopa kidogo.

#36 MamaVekta
Yote hayo mazuri, lakini niulize tena, maana swali langu la #3 limezikwa na televisheni. Vekta mbili kati ya 256. Chipu ya interapti ina tabia moja: waya ukipiga kelele kisha ukanyamaza kabla prosesa haijauliza "ni nani", chipu haina jibu, basi inasema "namba 7". Interapti hewa. Kwa alivyopanga yeye inaingia kwa vekta 39. Kwenye emyuleta utakaa miaka hujaiona, hakuna umeme wa kupiga kelele. Kwenye mashine halisi inakuja ikijisikia. Ikija kwake inakuta jedwali tupu, kosa, kosa juu ya kosa, kwaheri. Hilo linaeleza kwa nini muda wa kufa hautabiriki. Ukanda mwekundu hauelezi, bss haielezi.

Na ukiishika, usiiambie chipu "nimemaliza" bila kwanza kusoma rejista yake kama kweli kuna kazi. Kama ilikuwa hewa, unarudi tu kimyakimya.

#37 Jicho_la_Tatu
Mpaka sasa tuna watuhumiwa wanne na kila mmoja ana ushahidi. Huu uzi utamu.

Mnakumbuka Pathfinder? Chombo kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, siku chache baadaye kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli la njia ya mawasiliano ya ndani. Kazi ya juu ikawa inalisubiri kufuli hilo. Katikati ikaingia kazi ya kipaumbele cha kati, ndefu, haihitaji kufuli lolote, ikamzuia wa chini asimalize. Wa juu akachelewa kwa sababu ya wa kati, mlinzi wa saa akaona kazi muhimu haijafanyika, akawasha mashine upya. Mfumo endeshi ulikuwa VxWorks, na dawa ilikuwemo ndani yake tayari: aliyeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayemsubiri. Ilikuwa imezimwa tu. Wakairudia hitilafu kwenye nakala iliyobaki duniani, kisha wakatuma marekebisho.

Sehemu ninayoipenda: kule kujiwasha walishakuona mara chache kabla ya kurusha. Hawakuweza kukurudia, wakaendelea na mengine.

#38 Fundi_Kompaila
"Haijirudii" ndiyo sentensi ghali kuliko zote kwenye kazi hii.

#39 Kibodi_Mara_Moja
Na Windows 95 iliyokuwa inaganda baada ya siku 49.7? Kihesabu cha milisekunde cha biti 32. Kinafika 4,294,967,296 kinarudi sifuri. Iligunduliwa miaka baadaye, na utani wa wakati ule ulikuwa kwamba hakuna mashine iliyowahi kufika siku ya 49 ikiwa hai.

#40 Jicho_la_Tatu
Wa ndege unaujua? Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vikiwaka siku 248 mfululizo vinaweza kuzima vyote. Chukua biti 31, hesabu kwa mia za sekunde, uone unaangukia siku ya ngapi.

#41 Mgeni_wa_Leo
248 na nusu. Sitalala.

#42 Kibodi_Mara_Moja
Lala, amka tarehe 19 Januari 2038, saa za Unix za biti 32 zitakapojaa.

#43 Mgeni_wa_Leo
Sasa mbona wengine wanashauri keneli ndogo kabisa, madereva yote yakae nje, ili dereva ikifa keneli isife? Nilisoma kwamba hilo lilizua ugomvi mwaka 1992 Linux ilipoanza.

#44 MamaVekta
Linux ilitangazwa Agosti 1991, Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akisema ni kitu cha kujifurahisha tu. Ugomvi ndio wa Januari 1992, Tanenbaum, profesa mwenye mfumo endeshi wa MINIX, alipoandika kwamba muundo wa keneli moja kubwa umepitwa na wakati. Torvalds hakunyamaza.

#45 Fundi_Kompaila
Na mwenye keneli kubwa akashinda, mjadala umefungwa.

#46 Mzee_Diski
Umefungwa wapi? Mwaka 2017 ikajulikana kwamba MINIX ya Tanenbaum inafanya kazi ndani ya chipu ya usimamizi kwenye mashine za Intel, chini ya mfumo wowote uliouweka wewe. Unaendesha Linux juu, MINIX iko chini inakutazama. Nani kashinda?

#47 Fundi_Kompaila
Mzee leo umeamka na majini. Kwanza SMM, sasa hii.

#48 Nusu_Baiti
Wakuu, ripoti.

Nimefanya yote kwa mkupuo. Staki nimeihamishia chini ya 0x7C00. Nimejaza vekta zote 256 na hendla inayotuma namba ya vekta kwenye poti ya seriali 0x3F8 kisha inasimama. Interapti hewa nimeishughulikia. Nimechomeka waya kwenda kompyuta ya pili.

Dakika 35 sasa na bado inahesabu!!

#49 Jicho_la_Tatu
Hongera, na pole. Umefanya yote kwa mkupuo, sasa hatutajua ni lipi.

#50 Fundi_Kompaila
Ukanda mwekundu.

#51 MamaVekta
Vekta 39.

#52 Mzee_Diski
Staki.

#53 Kibodi_Mara_Moja
Mnanikumbusha ile kodi ya Unix toleo la 6, 1975, pale kwenye kubadilisha michakato, ambapo mwandishi anamwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa. Watu wakadhani ni majivuno. Ritchie, mmoja wa waandishi wa Unix, alikuja kueleza kwamba shida yenyewe ni kuwa nao hawakuwa wameelewa kilichokuwa kinaendelea.

#54 Nusu_Baiti
Imekufa. Dakika ya 49.

#55 Kibodi_Mara_Moja
Ungejikaza tu zingekuwa siku.

#56 MamaVekta
Acheni mzaha. Seriali imesema vekta ngapi?

#57 Nusu_Baiti
Imesema 2. Peke yake. Siyo 39, siyo 13, siyo 8. Nimeiwasha tena, baada ya dakika 12: 2.

#58 Kimya_Kingi
Vekta 2 ni interapti isiyozuilika. Kwenye mashine za zamani inapigwa na nini, Fundi_Kompaila? Tusaidie. Mimi niliandika #6, maneno matatu.

#59 Fundi_Kompaila
Inapigwa na vifaa vikilalamika. Kosa la kumbukumbu likiwa moja wapo. Moja wapo! Inaweza pia kuwa kadi kwenye sloti, au mlinzi wa saa wa fimwea. Sipigi saluti bado.

#60 Mzee_Diski
Au fimwea yenyewe imeituma kutoka SMM. Sijasema lolote.

#61 Jicho_la_Tatu
Kwa hiyo zile sekunde 7 zikawa 40, zikawa dakika 3, zote zilikuwa bahati? Na mstari wa kuchapisha je? RAM mbovu inajuaje kwamba nimechapisha neno?

#62 MamaVekta
Inajua. Kodi ikisogea, anwani zinazoguswa zinabadilika. Lakini bss haikuwa imefutwa kweli, na maktaba ilikuwa na ukanda mwekundu kweli, na staki ilikuwa pabaya kweli, na jedwali lilikuwa tupu kweli. Yote manne yalikuwa makosa, hata kama hakuna hata moja lililoua.

Soma poti 0x61 ndani ya hendla ya vekta 2. Biti ya 7 ikiwa imewaka, kumbukumbu imelalamika. Ya 6, ni upande wa kadi. Tuma kwenye seriali.

#63 Nusu_Baiti
Naandika sasa hivi.

#64 Kimya_Kingi
Nasubiri saluti.

#65 Nusu_Baiti
Biti zote mbili ziko sifuri.

#66 Fundi_Kompaila
Hahahahaha.

#67 Mzee_Diski
Chomoa kibodi ya USB. Kazime na kale ka-usaidizi ka kibodi kwenye mipangilio ya BIOS. Iwashe, usiguse kitu, uje utuambie.

#68 Nusu_Baiti
Nimechomoa. Dakika ya 20 sasa. Siigusi hata meza.